Tulizunguka Ulaya na mabegi mgongoni, nyumbani wakajua tumekuwa wakimbizi

Habari za mihangaiko wakuu. Najua humu kuna watu wa "weka picha tuamini". Picha ipo, tena ndiyo iliyozaa balaa lote, kwa hiyo siiweki. Ila ninayoyaandika yametokea, na mwenzangu wa safari amekaa hapa ananisimamia nisije nikaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa ndizi na kahawa, Nyakatuntu, huku Kyerwa. Mwenzangu anaitwa Jovin. Tumesoma darasa moja, tunaimba besi kwaya moja, na vibanja vyetu vya migomba vinapakana.

Mama yake Jovin alitoka Burundi akiwa msichana, kwa miguu, mzigo mgongoni. Hajawahi kuisimulia hiyo safari. Ukimuuliza anasema "tulitembea", halafu anaendelea kumenya ndizi. Jovin alizaliwa hapa, ni mtoto wake wa pekee, na baba yake alishafariki.

Sasa usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani. Wakaalika vijana wawili wa kikundi cha kahawa. Tukachaguliwa sisi.

Siku ya kuondoka mama Jovin akanivuta pembeni, kwenye migomba.

"Novati, nakupa mtoto mzima. Unirudishie mzima."

Nikamjibu, "Nitamrudisha mama." Nilijibu kirahisi tu, kama mtu aliyeazima jembe.

Ratiba ya wenyeji ilikuwa wiki mbili. Mikutano, kuimba, kuonja kahawa yetu kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Ikaisha, viza ikawa bado ina siku ishirini. Mzee aliyetukaribisha na mkewe wakatwambia vijana wa kwao wakimaliza shule hubeba begi mgongoni wakazunguka nchi kwa nchi, bila mwenyeji, bila shughuli. Wakatupa mabegi yao ya ujanani, makubwa, yana mikanda mpaka kifuani, na tiketi za treni.

Hapo nisimame kidogo wakuu. Huku kwetu mtu mzima akipita na mzigo mkubwa mgongoni, hajulikani anakotoka, kina mama wanaacha kupalilia wanamwangalia. Kule ni starehe. Nilikutana na daktari mzima amelala kitanda cha juu hosteli, soksi zimeanikwa kichwani kwangu, na amefurahi.

Tukapita Austria. Milima mizuri, sikatai. Ila chakula ni mkate, baridi, asubuhi na jioni. Siku ya sita nilianza kuota ndizi na maharage, tena naota mpaka harufu.

Tukafika stesheni moja, treni imechelewa. Tumechoka, tumekaa sakafuni tumeegemea mabegi, Jovin amejifunika blanketi, kila mtu na kipande chake cha mkate. Abiria mmoja akatupiga picha. Mimi kwa utani wangu nikaituma kwenye grupu la kwaya na maneno haya: "Bado tunasonga mbele, hatujui leo tutalala wapi. Mtuombee."

Nikacheka peke yangu. Bando likaisha.

Tukaingia mji mmoja wa kaskazini mwa Italia. Nje ya stesheni kulikuwa na vijana wengi wenye mabegi kama yetu, ila hao hawakuwa watalii. Ukiangalia viatu vyao unajua. Mmoja akamsikia Jovin akiimba wimbo wa mama yake wa Kirundi, akamsogelea. Mrundi. Wakaongea saa nzima, mimi nimekaa kama kisiki.

Jioni, kwenye benchi, Jovin akasema, "Novati, mimi sirudi."

Yule jamaa alikuwa amemweleza kwamba lugha anaijua, damu anayo, apoteze pasi ya kusafiria tu. Kesho asubuhi aende ofisi ya wahamiaji, aseme ametoka Burundi, amefukuzwa, wazazi hajui walipo.

Nikamwambia mama yako yuko Nyakatuntu, ana mbuzi wanne. Akasema nitamtumia hela. Nikamkumbusha kahawa iko karibu kuiva. Akasema kahawa tumeilima tangu tuzaliwe, imetupa nini. Hilo swali hata mimi huwa najiuliza. Nikamwambia nilimwahidi mama yako. Akasema, "Mwambie nimekua."

Sijawahi kuogopa vile. Nilijiona nateremka Nyakatuntu peke yangu, yule mama amesimama njiani anachungulia nyuma yangu.

Asubuhi Jovin anafunga kamba za viatu aende huko ofisini, mimi nimeunga intaneti ya hosteli. Simu ikamwaga ujumbe kama mvua ya masika. Simu zilizonikosa, za baba yangu, za mwalimu wa kwaya, za watu wa mbali kama Igurwa ambao sijui hata namba yangu walipewa na nani.

Baba akapiga. Nikaweka sauti ya nje.

"Novati, mko wapi? Mmejificha?"

"Shikamoo baba. Tujifiche kwa nini?"

"Tumeona picha. Watu wako hapa kwa mama Jovin tangu juzi, wamewasha moto, wanawaombea. Ongea na mama."

Wakuu, picha ile ilikuwa imemfikia mama Jovin. Kila mtu kwenye kwaya aliona vijana wanatalii na utani wa Novati. Yeye aliona watu wawili sakafuni, mizigo mgongoni, blanketi, kipande cha mkate. Akawa na uhakika kabisa, kwa sababu anaijua hiyo picha. Akaenda kuwaamsha majirani.

Akashika simu. Hakulia. Alianza kutupa maelekezo, taratibu, kama anatuma mtu dukani.

"Msitembee barabara kubwa. Viatu vikilowa msivikaushe motoni, vitapasuka. Mkate msiumalize, bakizeni wa kesho. Watu wakianza kukimbia, shikaneni mikono, msikubali kutenganishwa. Mimi nilimwachia dada yangu mkono kidogo tu."

Nilimjua yule mama maisha yangu yote. Sikuwahi kusikia kwamba alikuwa na dada. Nilimtazama Jovin, naye hakuwa anajua.

"Mwana wanje, mwanangu, upo?"

"Nipo mama."

"Nani amewafukuza?"

"Hakuna mama. Hakuna aliyetufukuza."

"Kama hakuna aliyewafukuza, mmebeba mizigo ya nini?"

Jovin akakaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akajaribu kumweleza habari za utalii, ikashindikana. Mwisho akasema, "Tunarudi mama. Wote wawili."

Simu ilipokatika akaniambia, "Nilikuwa naenda kuisema safari yake kama yangu. Na hata yeye mwenyewe hajawahi kuisema." Akavua kile kiatu. Siku hiyo hatukwenda popote.

Wiki iliyofuata tulipanda ndege. Ilipoinuka na Jovin yuko kiti cha pembeni, mkanda umefungwa, nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu Italia.

Bukoba, Omurushaka, halafu bodaboda mpaka nyumbani. Mama Jovin alikuwa amesimama pale njia inapoingia kwenye migomba. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakutupisha.

"Kwangu haingii mtu na mzigo mgongoni," akasema.

Akafungua mikanda ya begi la Jovin yeye mwenyewe, moja moja, akaliweka chini. Akaja kwangu akafanya vivyo hivyo. Ndipo akatukumbatia. Nikasikia kitu kizito kimetoka kifuani kwangu, na sisemi ule mkanda. Nikala sahani tatu za ndizi na sioni aibu kuiandika.

Maisha yamerudi kuwa yale yale. Tunavuna kahawa, tunaanika, mvua ikitishia tunakimbia kuanua. Swali la Jovin bado halina jibu, kahawa haijatupa mengi. Ila jioni siku hizi mama Jovin anasimulia kidogo kidogo. Wiki iliyopita alitaja jina la dada yake, na Jovin ameanza kuulizia kwa wazee wa Kirundi kama kuna anayemfahamu.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujatuma picha nyumbani, fikiria macho ya anayeipokea yameshaona nini. Utani wangu ulimtesa mama wa watu siku mbili, na huo huo ndio ulioniokolea rafiki. Mpaka leo sijui nijute au nishukuru.

Waliowahi kusafiri na mtu akataka kubaki, mlifanyaje? Na wenye wazazi waliotembea kama huyu, huwa wanawasimulia? Maswali ya viza pelekeni kwingine, siyajui.

Begi la Jovin, mama yake amelitundika jikoni na kuku anaatamia ndani yake. Jovin alilitaka juzi aende nalo mjini Kayanga, akaambiwa asubiri vifaranga. Yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, anasema ya soksi za daktari nimezidisha. Mimi namwacha aseme, almradi yupo.