Tisa, na Siondoki

Mwanangu aliniletea kipimajoto kama zawadi, lakini tangu alipokitoa mfukoni nilijua kilikuwa shahidi wake. Alipanda mlimani kwetu kutoka Same Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni, akapiga msumari chini ya upenu nyuma ya nyumba, akakitundika, akajifuta mikono. Kisha akatangaza sheria. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nisome, nimpigie simu. Kikionyesha chini ya nyuzi kumi asubuhi tatu mfululizo, anakuja na gari kunihamishia kwake.

"Baridi ya huku ndiyo iliyomwondoa baba," alisema. "Sitaki kukuzika na wewe, mama."

Nilimkaribisha chai. Nilikuwa muuguzi wa wodini maisha yangu yote ya kazi, najua mtu mwenye hofu habishiwi. Ila moyoni nilichemka. Nina kahawa yangu, migomba yangu, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kaburi la mume wangu liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Niviache vyote kwa sababu ya kijiti cha kioo chenye maji mekundu?

Na huko Same napajua. Januari nilikaa wiki mbili kwenye chumba alichonijengea, kizuri, marumaru mpaka chooni, mabati juu bila dari. Mchana nilikuwa nalala sakafuni nikiwa na kitenge kilicholowekwa maji. Nilipolalamika aliniambia nitazoea. Kwake yeye joto linazoeleka, baridi haizoeleki.

Asubuhi ya kwanza kipimajoto kilisema nane. Ya pili, nane tena. Nikiwa nimeinua uso kukisoma, tone la maji likanidondokea kwenye paji la uso. Nikatazama juu. Umande wa usiku kucha ulikuwa unateremka kwenye bati na kudondoka moja kwa moja juu ya kipimajoto, na upepo wa bondeni unakipuliza.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mgonjwa mwenye homa tunamkanda kwa kitambaa cha maji ili joto lishuke. Mwanangu alikuwa anakikanda kipimajoto usiku kucha, halafu anashangaa kimepoa!

"Shikamoo mama. Ngapi leo?" aliuliza nilipompigia.

"Marahaba. Leo hakuna ngapi. Shahidi wako amelowa. Tunaanza upya nikishamkausha."

Jirani yangu, mwenzangu wa kwaya ya akina mama, alikuja na nyundo na ushauri. Alikihamishia kwenye ukuta wa jiko, upande wa nje, pakavu kabisa. Kesho yake kilisoma ishirini na tatu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe nilimsikia tu, sikumwona. Nyuma ya ukuta ule makande yalikuwa mafigani tangu alfajiri.

"Mtumie hiyo hiyo," jirani alisema. "Aache kukusumbua."

Nilitamani, sisemi uongo. Nilishika simu kabisa. Lakini nikamkumbuka mgonjwa mmoja wa zamani aliyekuwa anachovya kipimajoto kwenye chai ili asiruhusiwe kwenda nyumbani. Nilimgombeza mbele ya wodi nzima mpaka akajifunika shuka. Sasa mimi na makande yangu nilikuwa na tofauti gani naye? Nikaiweka simu mezani.

Nikaamua kufanya kazi yangu nilivyofundishwa. Kwanza nilikipima chenyewe. Nilinunua barafu sokoni Myamba, kwenye duka lenye friza, nikaifunga kwa majani ya mgomba, nikafika nayo nyumbani imebaki nusu. Nikaitwanga kinuni, nikatia maji kidogo, nikachovya kipimajoto na kusubiri. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, haina mjadala. Chenyewe kilisema nyuzi moja chini ya sifuri. Kwa hiyo kila nikisoma, naongeza moja.

Kisha nikaenda kwa fundi seremala na mchoro. Sanduku la mbao, pande zote vipande vilazwe kwa mshazari kama madirisha ya zamani, hewa ipite lakini jua na mvua visiingie. Lipakwe rangi nyeupe. Lisimame kwa miguu, usawa wa kifua changu, juu ya majani, mbali na ukuta na mbali na saruji.

"Shikamoo mama. Huu si mzinga?" fundi aliuliza alipoutazama mchoro.

"Marahaba. Si mzinga."

"Na nyuki wakija?"

"Nitawaambia chumba kina mtu."

Tuliliweka katikati ya uwanja, mbele ya migomba. Watoto waliokuwa wanapita uani kwangu kwenda shule wakaanza kuzunguka njia ya mbali kwa kuogopa kuumwa. Sikuwasahihisha. Kila asubuhi nilifungua mlango wa sanduku, nikabana pumzi nisikipumulie, nikaweka jicho usawa wa mstari, nikasoma haraka kabla mwili wangu haujakipasha. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na moja. Mwanangu aliandika huko kwake na mimi niliandika kwangu, na nilitembea sokoni kifua mbele.

Halafu Julai ikaingia. Mawingu yakaondoka siku kadhaa, usiku ukawa mweupe kwa nyota, na asubuhi moja nikasoma nane. Nikaongeza moja: tisa. Nilikagua kila kitu. Kikavu, kivulini, hewa inapita. Ilikuwa tisa ya haki.

Nikampigia, nikasema tisa. Kesho yake tisa. Usiku wa tatu sikulala vizuri, na asubuhi nilisimama mbele ya sanduku muda mrefu kabla ya kulifungua. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ningeweza kusema kumi na maisha yangu yakabaki yalivyo.

"Shikamoo mama. Ngapi?"

"Tisa," nikasema. "Na siondoki."

Akakata simu. Kabla ya saa sita gari lilikuwa uani na dereva wake, limebeba maturubai yaliyokunjwa nyuma, tayari kwa vitanda vyangu. Mwanangu aliteremka, hata chai hakuigusa. Ni mtoto mzuri, msimfikirie vibaya, lakini kichwa chake ni kigumu na najua alikokitoa.

"Tulikubaliana, mama."

"Ulitangaza. Mimi sikukubali. Kipimajoto kinasema kuna baridi, na ni kweli, ipo. Hakijasema mimi niende wapi."

"Unataka ufe kama baba?"

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimelibeba neno hili miaka sita na sikuwahi kulitamka kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji.

"Baba yako hakufa kwa baridi. Nilimpima mwenyewe. Thelathini na tisa nukta nane. Alikuwa anawaka. Aliniomba nifungue dirisha apate upepo wa huu huu mlima unaoulaumu. Ilikuwa nimonia, na nilimpima siku ya tatu. Siku mbili nilisema ni mafua, nimpe tangawizi, atapona. Mimi, muuguzi, na kipimajoto kiko kwenye droo."

Alinitazama kama hanijui. Nilidhani atanipigia kelele, na ningestahili. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akashika kichwa.

"Mimi nilidhani ni kwa sababu niliwaacha huku," alisema. "Ningewashusha mapema."

Tukalia wote wawili, mchana kweupe, dereva akijifanya anakagua matairi. Nililia kwa aibu na nililia kwa kutua mzigo. Kisha nikamwandalia makande, akala sahani mbili, na maturubai hayakukunjuliwa.

Kabla hajaondoka nilimpa sheria yangu. Kila asubuhi nitamsomea namba mbili, ya uani na ya kwapani. Ya uani aiandike akipenda, ni habari ya mlima. Ya kwapani ikifika thelathini na nane, aje siku hiyo hiyo, anihamishie popote anapotaka, sitabisha. Isipofika, aniache na ng'ombe wangu. Nilimwambia sitapima siku ya tatu tena, si kwangu wala kwa mtu yeyote.

Leo alipiga kabla sijaondoka kwenye sanduku.

"Shikamoo mama. Ngapi?"

"Marahaba. Uani tisa. Kwapani thelathini na sita na nusu. Nipo."