Mkono Juu ya Bwawa la Mamba

Dada yake alimwibia mtoto. Hakuna neno la kulipamba hilo. Mfua nguo alilazwa kwa ugonjwa wa kifua, akamwachia dada yake kichanga chake mpaka apone. Alipopona, alikuta mtoto ameshafundishwa kumwita dada "mama," na yeye "mama mdogo." Kila alipodai, aliambiwa asubiri: mtoto akue kidogo, aanze shule, amalize mitihani. Mara hii dada mtu aliapa: "Tumpeleke akaone wanyama wakali. Nitamwambia hukohuko, akiwa amefurahi."

Wakaenda. Mfua nguo alipita kwa chatu, kwa nyati, kwa fisi, macho yote kwenye mdomo wa dada yake. Mdomo ulikuwa unatafuna karanga.

Juu ya bwawa la mamba palikuwa na daraja la mbao. "Hapa hakuna mchezo," mwongozaji alisema. "Kila mtoto ashikwe mkono na mama yake."

Dada akachungulia maji, akarudi nyuma. "Mimi hapo sipiti hata kwa fimbo. Mdogo wangu, mvushe wewe."

Mkono wa binti ukaingia kwenye wake. Mara ya mwisho uliweza kushika kidole kimoja tu.

"Mama mdogo, mikono yako inakwaruza! Umeazima kwa mamba?"

"Ni sabuni na nguo za watu, mwanangu. Cheka, ila usiniachie."

Mwongozaji akawaonyesha jike lenye meno nje. "Huyu hubeba watoto wake mdomoni hadi majini. Asiyejua hudhani anawala."

"Na hawamezi hata kwa bahati mbaya?"

"Muulize mama yako hapo. Mmefanana mpaka kidevu!"

Binti akacheka. "Huyu si mama. Mama ni yule mwoga kule."

Mfua nguo akageuka. Dada yake alikuwa amesikia, maana alikuwa amesimama mwanzoni mwa daraja, hatua chache tu nyuma yao. Ilikuwa ni kufungua kinywa tu. Badala yake aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Mfua nguo akavuka taratibu, ubao kwa ubao, ili daraja lisiishe. Likaisha. Mkono ukachomoka, binti akakimbilia nyoka, na mfua nguo akakifumba kiganja chake joto lisitoke.

Miaka iliyoliwa haidai. Anadai neno moja tu, lisemwe mbele ya mtoto, na anayedaiwa ni dada yake wa tumbo moja.