Ugenini Nikiwa Kibanjani

Nyumba yetu ipo Kamuli, kwenye mgongo wa kilima, upande unaotazama machweo. Ukisimama nyuma ya jiko asubuhi, ukungu ukishaondoka bondeni, unaiona milima ya nchi jirani kana kwamba ni kibanja cha jirani tu. Nimeolewa hapo na kuzaa hapo, na mama mkwe wangu alizaliwa kilima hicho hicho. Lakini kwa muda mrefu simu yangu haikukubali kwamba ninaishi Tanzania. Kila nilipofunga cherehani yangu pale senta na kurudi nyumbani, ilitetemeka mfukoni na kuniletea ujumbe: karibu ugenini, gharama za kupiga ni hizi, tunakutakia safari njema.

Safari njema, na mimi nina mkungu wa ndizi kichwani.

Kibaya zaidi, ilibadili saa. Wenzetu wale wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wao inarudi nyuma nao bila kukuuliza. Jumapili moja nusu ya kwaya yetu ilifika kanisani sadaka imeshatolewa. Mchungaji alisimamisha mahubiri akauliza kama kuna msiba huko kwetu. Tukajibu hapana, baba mchungaji, ni simu. Kanisa zima likacheka.

Wenzangu nao walicheka, wakaendelea na maisha. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haikuisha. Mume wangu aliniambia, "Si simu tu?" Nikamjibu si simu tu. Mtu akikuambia kila jioni kwamba hapo ulipo si kwenu, siku moja lazima umjibu.

Nikaipeleka simu Omurushaka, kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Babu yake alikuja huku kutoka Tanga kuuza vitambaa, akaoa, hakurudi tena. Fundi huyo aliigeuzageuza simu yangu, akaifungua, akaifunga.

"Mama, simu yako nzima kabisa," akasema. "Tatizo ni mnara. Simu humsikiliza anayeita kwa sauti kubwa zaidi, na pale kwako jirani anaita kuliko mwenye nyumba."

"Sasa nifanye nini?"

"Naweza kuizuia isishike mtandao wa jirani. Lakini ukifika nyumbani utabaki bila mtandao kabisa."

Kwa hiyo nilipewa nichague: niwe mgeni au niwe bubu. Nilikataa yote mawili. Nikamwomba anionyeshe simu inajuaje mnara upi imeshika. Akaniwekea programu ndogo inayoonyesha jambo hilo, akanieleza namba zake zina maana gani. Nilitoka pale nikiwa nimechelewa basi la Kyerwa, na sikujali. Tangu siku ile nikawa mmoja wa wale watu ambao wakifika mahali popote, kabla ya kuketi, huangalia kwanza mtandao.

Wa tatu wetu, baada yangu na fundi, alikuwa bwana shamba mstaafu, jirani yangu, mzee aliyebeba simu tatu kwenye mfuko wa shati. Zamani alikuwa akipita mashambani kupima nafasi kati ya mibuni. Sasa alipita njia zile zile akipima nguvu ya mtandao, na watu walimwamkia kwa heshima ile ile, huku wakikonyezana akishapita. Tulianzisha kundi letu kwenye simu, sisi watatu, baadaye wakaongezeka wengine. Senta walituita wachungaji wa mnara. Hatukulikataa jina hilo. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu na alikuwa wa chuma.

Kisha ikaja habari kwamba mnara ulio kilimani juu ya senta utaboreshwa, uletewe intaneti ya kasi. Fundi alikuwa ameshafuatilia kazi kama hiyo Igurwa. Alikwenda huko kwa pikipiki yake mara kadhaa, akaangalia tangu masanduku yaliposhushwa. Hivyo alituambia mapema tutegemee nini. Lori la vifaa lilipopita Omurushaka alitutumia picha. Bwana shamba alilipokea kwenye kona ya chini ya kilima kama mtu anayempokea mkwe. Mimi nilifunga cherehani, nikapanda.

Tukawa tunakaa kwenye nyasi nje ya uzio kila tulipopata nafasi, simu mkononi, tukiwaangalia vijana wa kampuni wakipanda na mikanda yao. Mlinzi alikuja siku ya kwanza akatuambia tusipige picha. Bwana shamba akamwonyesha kioo cha simu yake.

"Sipigi picha mnara wako, kijana. Napiga picha simu yangu."

Mlinzi akarudi kwenye kibanda chake.

Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Jumamosi mchana niliitwa kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nilikuta wajomba wawili, mama mkwe, na mume wangu ameketi karibu na mlango. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshamiminwa. Nikawaamkia wote, nikaketi mkekani.

"Mke wetu," shemeji akaanza, "tumesikia unashinda mlimani na wanaume wawili."

"Ni kweli, shemeji. Mmoja ni bwana shamba aliyetufundisha kupogoa kahawa. Mwingine ni fundi wa Omurushaka."

"Mnafanya nini huko?"

"Tunaangalia mnara unavyoboreshwa."

"Mnara unahitaji kuangaliwa na mwanamke wa ukoo huu?"

"Wanauweka kwa ajili ya watu, shemeji. Na mimi ni mtu."

Mjomba mmoja alikohoa. Shemeji hakupandisha sauti. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akasema wamekwisha kukubaliana niache. Akasema nina cherehani na nina kibanja, na hivyo vinamtosha mwanamke yeyote mwenye akili timamu. Watu wanacheka, akasema, na hawanicheki mimi, wanaucheka ukoo.

Nilisimama, mikono mbele, kama tunavyosimama mbele ya wakwe.

"Nimewasikia wazee wangu, na nawashukuru kwa kuniita. Kesho nikitoka kanisani nitapanda mlimani."

Kuku alipita katikati ya chumba akatoka. Mume wangu, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu nifike, aliweka kikombe chake chini.

"Basi kesho mbuzi nitawarudisha mimi badala yake," akasema.

Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya kaka yake. Mama mkwe akaomba aongezewe rubisi, na kikao kikaisha hivyo, bila mtu kusema kimeisha.

Mtandao mpya uliwashwa siku ya mvua. Nilikuwa nashona sare za shule, nikaona alama kwenye simu inabadilika. Nje watu walianza kuitana. Bwana shamba aliingia kibandani kwangu amelowa, akafungua video kwenye simu zote tatu kwa wakati mmoja, na zote zikacheza bila kusita. Akasimama akizitazama. Nikazima taa, nikafunika cherehani, nikaondoka kwenda nyumbani karibu nikikimbia.

Kwenye kona ya barabara, juu ya kanisa, mtandao ulianza kupungua. Kwenye mteremko wa kwetu ukakatika. Nilipofika uani simu ikatetemeka: karibu ugenini.

Niliketi kwenye ngazi ya jiko na matope yangu. Sikulia, ila nilikaa hapo mpaka mama mkwe akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Kesho yake niliwahi mlimani. Kiongozi wa wale vijana alikuwa anafunga vifaa vyake. Aliniamkia vizuri, nikaitikia, nikamwambia mtandao haujafika kwangu.

"Kwako ni wapi, mama?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Alitazama kule, na sitasahau kwamba hakunidanganya. Alisema antena nyingi zinaelekea barabarani na senta. Ile ya upande wetu imeinamishwa chini makusudi, kwa sababu ng'ambo ni mpaka, nao wameagizwa mtandao usimwagike kwa jirani.

"Na jirani akitumwagia sisi?"

Alitabasamu kwa uchovu. "Hilo si la kwangu, mama. Mimi napanda na kushuka. Pigeni huduma kwa wateja. Akipiga mmoja, wanaona ni simu yake mbovu. Mkiwa wengi watasikia."

Nilipiga siku hiyo hiyo, nikiwa uani, salio likiisha kwa bei ya ugenini. Akapokea binti mwenye sauti nzuri.

"Karibu mteja. Uko wapi kwa sasa?"

"Niko nyumbani kwangu, Kamuli, wilaya ya Kyerwa."

"Samahani dada, mfumo unaonyesha uko nje ya nchi."

"Niko nyuma ya jiko langu."

"Ndiyo dada, lakini mfumo unaonyesha uko nje ya nchi. Ukirudi nchini tafadhali utupigie tena."

"Dada yangu, sijatoka. Huo mfumo wenu umewahi kufika hapa?"

Salio likaisha kabla hajajibu. Nilicheka peke yangu pale nyuma ya jiko, kicheko kibaya, na hapo ndipo nilipoamua kwamba kama wanataka wengi, nitawaletea.

Nilianza na wanawake wa kwaya, kwa kuwa walikuwa na hasira ya ile Jumapili. Bwana shamba akapita nyumba kwa nyumba upande wake. Fundi alikuja kutoka Omurushaka kwa pikipiki na betri za kuchaji simu za watu. Tukakubaliana kukutana kwenye kona ya juu ya kanisa, mahali pa mwisho ambapo simu bado inaamini uko nchini. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala, na wengi walikuwa wamekesha wakiwakamata, lakini walikuja, wengine na ndoo zao. Tulipiga. Waliokatikiwa walipiga tena. Tukawa wengi mno kwa wakati mmoja mpaka simu zikawa haziunganishwi, tukalazimika kwenda kwa zamu, tukipanga mstari barabarani kama watu wanaosubiri chanjo.

Mama mkwe alikuja na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. Sikumwita. Alipounganishwa alianza kwa salamu ndefu za Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, akauliza habari za familia ya binti wa upande wa pili, za mvua na za mifugo, kisha akaeleza shida yake, yote kwa Kinyambo. Tulimsikia yule binti akisema samahani mama, samahani mama. Mama mkwe akasubiri amalize, akaanza upya tangu kwenye salamu.

"Mama, mwambie kwa Kiswahili," nikamnong'oneza.

"Kwa nini?" akasema. "Si anasema niko ugenini? Basi atafute mkalimani."

Tulirudi pale kwenye kona mara nyingi, siku tofauti. Walioshindwa kuja walipigia mahali pengine. Shemeji hakuja hata mara moja, ila mke wake alikuja, akapiga kwa simu ya mumewe, na sikumuuliza alivyoipata.

Baada ya mavuno ya kahawa gari lilikuja. Mtu mmoja akapanda mnarani, akafanya kazi upande wetu asubuhi nzima, akashuka, akaondoka. Hatukuambiwa kitu. Jioni nilifika uani, nikasimama nyuma ya jiko na simu mkononi, nikasubiri itetemeke. Haikutetemeka. Ilikuwa na saa ya kwetu. Nikampigia fundi kwa video nikamwonyesha kibanja, migomba, jiko, mbuzi, na mume wangu aliyekuwa anakataa kuonyeshwa. Si kila mahali pamepona. Chini kule kwenye mibuni ya mwisho bado nakaribishwa ugenini, na bado napiga simu kulalamika.

Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara. Mwenyekiti wa kijiji alisoma mafanikio, na kati ya barabara na madawati akataja mtandao wa upande wa machweo, akawashukuru viongozi kwa juhudi zao. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono. Nikasema namheshimu mwenyekiti, lakini mtandao ule uliletwa na watu waliosimama kwenye kona ya kanisa na simu zao, wengi wao wanawake, na ningeomba hilo nalo litajwe.

"Mama, muda umetubana," akasema. "Kaa chini tuendelee."

"Nitasubiri litajwe," nikasema.

Akaendelea na ajenda ya mifereji. Mimi nikabaki nimesimama. Wa nyuma yangu walilalamika kwamba nawaziba. Bwana shamba akasimama, akajifanya anakunja koti. Wanawake wawili wa kwaya wakasimama. Upande wa wazee mama mkwe akajiinua taratibu kwenye kiti chake, na mtu alipomwambia aketi apumzike, akajibu kwamba akikaa ndipo magoti yanapomuuma.

Halikutajwa. Mkutano ulifungwa kwa sala, na kwa sala kila mtu alilazimika kusimama.