Mstari Unaoshuka

Chadia hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini mstari ule ulimtoa machozi. Kwa kazi yake ya kumaliza masomo alikusanya kwenye mtandao tafiti zilizoandikwa kuhusu sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukimaliza ng'ombe zizi zima. Akazihesabu mwaka kwa mwaka, akachora mstari wa idadi yake. Wenzake walichagua magonjwa mengine, na mistari yao ilipanda. Wa kwake ulipanda vizuri, halafu ukaporomoka. Kesho atautetea vipi mbele ya walimu?

Kaka yake Djamali alirudi nyumbani Kasongo na pikipiki, vumbi la barabara ya Salamabila limemjaa mpaka kwenye nyusi, akamkuta amejiinamia mbele ya kompyuta.

"Dada, iko nini?"

"Wataalamu wameacha kuandika, yaya," alimjibu kaka yake. " Nimechagua kitu kilichokufa."

"Na kwa nini wameacha?"

Swali lilimkera. Wiki nzima hajalala vizuri, na huyu anamletea maswali ya kitoto!

"Kwa sababu sotoka haiko tena!" alifoka. "Imefutwa dunia nzima! Hakuna hata ng'ombe mmoja anayeuawa nayo! Waandike nini sasa?"

 Chadia alibaki mdomo wazi, maana alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. Akautazama tena mstari wake, akashusha pumzi ndefu, kisha kicheko kikamtoka.

Kumbe wiki nzima alikuwa akimlilia muuaji.