Leo nimezimisha boti yenye abiria

Wandugu, mimi ni fundi wa umeme kwenye boti.

Jana nilirekebisha dijonkta ya jenereta, kile kifaa kinachokata umeme. Niliiweka ikate mara moja umeme ukizidi, nikiogopa jenereta isije ikaungua.

Leo tumetoka bandari ya Kalemie na abiria wa Moba. Tukawasha pampu kubwa ya kutoa maji.

Paa! Umeme wote ukakatika. Usukani ukakufa, na upepo ukaanza kutusukuma kwenye mawe.

Papa Kapteni akapiga kelele: "Nani aligusa dijonkta?"

Nikamujibu:

"Njo mimi, ni mimi niliigusa, Papa. Pampu ikianza inakula umeme mwingi kwa sekunde chache. Sikuipa dijonkta muda wa kungoja."

"Basi uipe sasa!"

Nikaongeza sekunde chache kwenye dijonkta, nikawasha tena umeme na pampu. Haikukata tena; usukani ukarudi, tukakwepa mawe.

Tuko njiani, lakini Papa Kapteni angali amenikasirikia.

Ninyi mungekubali kosa, ao mungenyamaza?