Rundo la Bendera ya Njano

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, koleo dogo la chuma na onyo la kutopiga soga. Msimamizi wa Maabara alikuwa mtu wa Bukoba kama mimi, lakini hakutaka kusikia habari za nyumbani saa za kazi. Alinipeleka nyuma ya jengo letu hapa Mwanza, akachora miraba ardhini kwa kijiti, akaniambia nichote udongo kidogo kila mraba. Nilipomaliza alitazama mifuko yangu, akaimwaga yote chini.

"Umetumia koleo lilelile bila kuliosha," alisema. "Mraba wa kwanza umeshachafua wa mwisho. Ukiwapelekea watu majibu hayo umewadanganya. Rudia."

Nilirudia mara tatu, nikimlaani kimoyomoyo. Nilikuwa nimesoma kemia na nilijiona nikiwa ndani ya koti jeupe. Kumbe kazi ya sampuli, yaani kuchota udongo kidogo ili useme kweli juu ya udongo mwingi, ni kazi ya magoti na kiuno. Ninyi mnaoanza sasa mna vifaa vinavyowapa namba papo hapo. Sisi tulikuwa na auga, chuma kilichosokotwa ambacho unakizungusha kwa mikono mpaka kizame ardhini, na mitungi ya kioo tuliyoituma Dar es Salaam, kisha tukakaa majuma kadhaa kungoja majibu.

Nilipangiwa kwanza Nansio, kwenye josho la zamani la ng'ombe. Dawa ya kupe ya miaka mingi ilikuwa imenywewa na udongo, na watu walikuwa wamepanda mihogo hadi ukingoni. Mihogo ilistawi vizuri mno. Nilipowaambia waing'oe, mama mmoja aliniuliza kama nimewahi kulala njaa. Baadaye nikahamishiwa Kigongo, kwenye yadi iliyoachwa ya matangi ya mafuta, ambako Fundi Mkuu alinifundisha kupanga marundo kwa bendera. Nyekundu ni udongo mchafu, hautoki isipokuwa kwenda kwenye shimo la kuhifadhia, lile lililotandikwa plastiki nene chini na juu. Kijani ni udongo safi. Njano ni udongo unaongoja majibu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuugusa.

Kwa ujuzi huo nikaletwa kwenye kazi iliyonipa jina, ghala la zamani la dawa za pamba, mjini, hatua chache kutoka ziwani. Madumu yalikuwa yameoza humo ndani na kuvujia sakafuni. Tulipaswa kulibomoa ghala, kuuchimba ule uchafu, kuuhamisha, kuleta udongo mpya, halafu wengine wajenge soko. Meneja wa Mradi alikuwa mtu mstaarabu na mwenye haraka. Tangu mwanzo alituambia kwamba kuna tuzo ya kazi bora ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na kuirudishia matumizi, na kwamba sisi tutaichukua.

Mlinzi wa pale aliitwa Mzee Masanja. Alikuwa amelilinda ghala lile tangu pamba ikiwa pamba, na aliipenda kazi yake kwa namna iliyonichekesha. Kila jioni alinioshea buti bila kuombwa. Nilipomkataza alisema, "Mama Koku, wewe unatuondolea sumu, mimi kukuondolea tope tu kunishinde?"

Lazima nimweleze msomaji wa mbali jambo moja kuhusu mji huu. Mwanza ni mawe. Mtu akipata kiwanja mlimani anapata majabali, na udongo wa kusawazisha, wa kukandika ukuta au kupanda mchicha anautafuta kama anavyotafuta maji. Lori la kifusi likipita, watu hulisimamisha na kumbembeleza dereva. Tena udongo wa ghala letu ulikuwa na sifa yake mtaani: kwamba mchwa hawausogelei. Tuliweka uzio na mabango ya fuvu la kichwa, lakini kila asubuhi tulikuta watu wamesimama getini na mikokoteni.

Mzee Masanja alikuwa anajenga jiko mlimani, juu ya mtaa wa Mirongo, kwa ajili ya binti yake Mbuke aliyerudi nyumbani akiwa mjamzito. Siku moja alikuja na kofia mkononi.

"Mama Koku, naomba roli moja tu. Siyo la bendera nyekundu, mimi siyo mjinga. Lile rundo la mwisho kule, la njano. Wewe si ulisema linaonekana zuri?"

Ni kweli nilisema. Rundo lile lilitoka ukingoni mwa uzio, mbali na sakafu ya ghala, na halikuwa na harufu. Nilikuwa nimeshika udongo kwa miaka mingi, nikajiona naweza kuusoma kwa macho na pua. Nikampa. Niliandika kwenye fomu ya makabidhiano, karatasi inayofuata udongo kutoka shimoni hadi uendako, kwamba lori lile limekwenda kwenye shimo la kuhifadhia. Nilifanya hivyo kwa upendo, na ninawaambia wazi kwamba upendo ule ulikuwa pia majivuno.

Jiko lilipokamilika nilialikwa. Kuta zilikandikwa vizuri, sakafu imesiribwa, na Mzee Masanja alinionyesha pembeni, akicheka, "Tazama, hakuna hata mchwa mmoja!" Mbuke alikuwa ameegemea ukuta. Alichomoa kipande cha udongo kwa kucha, akakitia mdomoni. Mimi pia nilikula udongo nilipobeba mimba ya Koku, kama wanawake wengi wa huku, kwa hiyo tulitazamana tukacheka.

"Huu mtamu kuliko wa sokoni, Mama," aliniambia.

Majibu yalifika Alhamisi. Rundo la njano lilikuwa chafu kuliko marundo yote. Baadaye tulielewa kwamba zamani, madumu yalipovuja, watu wa ghala walizika masalia yake kule ukingoni, mbali na macho ya wakubwa.

Nilikwenda kwa Meneja wa Mradi na kumweleza yote. Hakunikaripia. Alifunga mlango, akaketi karibu nami.

"Waamuzi wa tuzo wanafika Jumamosi na kuondoka Jumatatu," alisema. "Ukienda kubomoa jiko la mtu kesho, mji mzima utajua. Mradi utasimama, na wewe umedanganya kwenye fomu, utafukuzwa. Wamekaa na ule udongo wiki ngapi? Siku nne zitaongeza nini?"

Nilikubali kungoja. Ningeweza kumpigia simu Mzee Masanja nikasema maneno mawili tu: Mbuke asile. Yeye mwenyewe alikuwa zamu pale getini, akinisalimia kila nilipopita. Jumamosi niliwatembeza waamuzi, nikawaeleza bendera zetu, nao wakasifu utaratibu wetu wa makabidhiano.

Jumatatu mchana, gari lao lilipoondoka, nilipanda mlimani na auga. Nilimwambia Mzee Masanja mbele ya binti yake kwamba udongo ule ni sumu, kwamba mimi ndiye niliyewapa, na kwamba nilijua tangu Alhamisi. Mzee alichukua nyundo akaanza kuvunja ukuta, nami nikamzuia ili tuvae glavu kwanza.

Mbuke alijifungua kabla ya wakati, siku chache baadaye. Mtoto hakulia. Daktari alisema mimba huharibika kwa sababu nyingi na hawezi kutaja moja. Nimejifunza kemia ya kutosha kujua kwamba alisema kweli, na kweli hiyo haijanipa nafuu hata siku moja.

Tuliuondoa udongo wote mlimani, ndoo kwa ndoo, mpaka kwenye mwamba. Niliandika fomu upya, na safari hii niliandika ulikotoka na ulikokwenda kama ilivyokuwa. Meneja aliiweka kwenye droo. Tuzo tulipewa. Jina langu lilisomwa, nikapanda jukwaani, nikashika kile kioo kilichochongwa mfano wa jani huku watu wakipiga makofi. Jiko la Mzee Masanja sikulitaja. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilistaafu nikiwa na heshima zote. Soko lipo, zuri, na ardhi yake ni safi kweli. Nimeipima mwenyewe, na ninanunua nyanya pale bila wasiwasi. Vijana hunijia kuuliza siri ya kazi bora, nami nawaambia waoshe koleo. Wanadhani natania. Msiwe wepesi kusifiwa kwa ardhi mliyoisafisha kabla hamjaulizwa uchafu wake mliupeleka wapi, na mkijua jambo, mwambieni anayekula udongo kabla ya kumwambia bosi.

Mzee Masanja amekwishafariki. Juzi Mbuke alikuja kwangu, ana mimba tena baada ya miaka mingi. Alinisalimia shikamoo kwa adabu, akaketi, akafungua ncha ya kitenge na kutoa donge la udongo wa kula unaouzwa sokoni.

"Nimetamani sana, Mama Koku. Nipimie kwanza."

Nilimwambia sina tena maabara. Nilimwambia asile huo, wala mwingine wowote.

Alilitazama lile donge, akaliweka mezani kwangu.

"Kumbe ni maneno mafupi hivyo," alisema.