Dakika arobaini za mtihani wa video, zote zimekwisha kwa salamu

Wakuu, salaam zenu. Nafanya fupi, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Haya yamenikuta mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Barani, Malindi. Miaka kumi na mbili nafundisha bila cheti.

Mwaka huu mwenye shule akaniita, akasema muhula ujao darasa langu atapewa mwenye karatasi. Iliniuma, sitaficha.

Nikajiunga na chuo cha masomo ya mbali, kila kitu kwa video. Chuo cha kisasa sana. Kinatumia ile programu ya bure, ambayo dakika arobaini zikifika inawafukuza nyote.

Mtihani wa mwisho, kila mmoja afundishe somo dakika kumi mbele ya kamera. Tulikuwa watatu: mimi, Mzee Athmani wa Takaungu, ustadhi mstaafu, na Mama Kadzo wa Vitengeni. Muda tele.

Mwalimu wetu, kijana wa bara, akaingia na kusema, "Tuanze moja kwa moja."

Moja kwa moja. Na watu wa pwani.

Mzee Athmani akatoa salamu, akauliza afya, akauliza mvua za huko bara, akauliza ng'ombe. Kijana hana ng'ombe. Ikabidi aeleze kwa nini hana.

Mama Kadzo akapokea, akamwita na mumewe aje amwone mwalimu.

Mimi natabasamu kwa kamera, moyoni nawasema: watu wazima hawa, hawajui wakati.

Ikafika zamu yangu. Ningeweza kuanza somo. Lakini nimelelewa, wakuu. Nikamuuliza, "Na nyumbani, mwalimu, wote salama?"

Akajibu, "Tulimzika shangazi Jumamosi. Ndiye aliyenilea."

Basi.

Mama Kadzo akataka kujua marehemu aliugua nini, tangu lini. Mzee Athmani akavua miwani, akainua mikono, akawaombea wafiwa subira. Dua ya kiustadhi, haina haraka. Tulipoitikia amina ya mwisho, kioo cha simu kikawa cheusi.

Nililia. Nusu kwa shangazi nisiyemjua, nusu kwa darasa langu.

Baada ya muda ikaja link mpya. Kijana macho mekundu. Akasema, "Asanteni. Huku kazini hakuna aliyeniuliza." Kisha akaniambia nianze mimi.

Nikafungua daftari, na hapo ndipo aibu ilipo. Somo nililoliandaa wiki mbili lilikuwa hili: kumfundisha mtoto kusalimia mgeni.

Nimepita, wakuu. Darasa bado ni langu. Chini ya alama ameandika, "Somo zuri. Utangulizi ulizidi muda."

Nilichojifunza: mkiwa na mtihani wa video, salamu zimalizwe siku moja kabla. Na mwalimu aulizwe za nyumbani hata hivyo.

Haya, semeni, nyinyi mngenyamaza? Ila atakayechangia bila kusalimia simjibu.